Taa Iliyofutwa Mara Tatu

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Jumamosi ya tarehe 8 Juni 2024, dereva wa lori la tumbaku aliyekuwa akitoka Tabora kwenda Morogoro aliona kwenye kioo gari dogo jeupe likichomoka nyuma yake ili kumpita. Lilifika usawa wa mlango wake, kisha likabaki hapo. Mbele, kutoka upande wa Kigwa, lilikuwa linakuja trekta lenye tela la magunia. Dereva wa lori alikanyaga breki ili gari dogo lipate nafasi ya kuingia, lakini gari dogo nalo lilikuwa linapungua mwendo, na magari hayo mawili yakabaki sambamba kwa muda ambao yeye, alipoulizwa na polisi, aliukadiria kuwa sekunde tano. Halafu gari dogo lilikata kulia, likatoka nje ya lami, likazunguka mzunguko mzima na kugonga mti wa mninga kwa ubavu wa nyuma.

Ndani yake walikuwa watu watatu. Dereva alikuwa mwenye gari, Sixbert Ngollo wa Ipuli, dereva wa teksi mwenye miaka arobaini na mmoja. Alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kando yake alikaa Twalibu, fundi wa njia ya reli katika stesheni ya Igalula, Mzaramo aliyeishi Tabora miaka tisa. Alichubuka paji la uso. Nyuma, upande uliogonga mti, alikaa Revocatus, mdogo wake Advera, mke wa Sixbert. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa anakwenda Kigwa kumsalimia mama yake. Alifariki saa tisa na dakika tano, kabla ya kufikishwa hospitali.

Jioni hiyo hiyo, mkono ukiwa kwenye kitambaa, Sixbert alitoa maelezo kwa askari mpelelezi.

"Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ilikuwa inawaka, lakini gari halina nguvu. Ni kama linavuta kitu."

"Jana ulilala saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mchana?"

"Usiku. Nilikuwa nasubiri abiria wa treni, na treni ilichelewa."

"Ukaamka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

Mpelelezi aliandika saa hizo mbili, akazipigia mstari.

*

Msiba uliwekwa Ipuli, nyumbani kwa Advera, kwa sababu marehemu alikuwa akiishi hapo. Mama yao, Apolinaria, alikuja kutoka Kigwa na kukaa chumba cha ndani na wanawake. Sixbert alisimama mlangoni, akainamisha kichwa kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

Apolinaria alikuwa anakunja khanga. Aliikunja mara mbili, akaiweka chini, akachukua nyingine. Wanawake walisubiri. Sixbert naye alisubiri, kisha akaondoka. Kwa siku zote za msiba alirudia salamu ile kila asubuhi, na kila asubuhi haikuitikiwa. Watoto wa jirani walianza kuchungulia dirishani ili waone.

Siku ya kuondoa matanga, watani walifika. Wanyamwezi, kabila la wafiwa, na Wazaramo wana utani wa tangu siku za misafara, wakati wapagazi walipotembea kutoka Unyanyembe hadi pwani na mizigo kichwani, na kazi ya mtani msibani inajulikana: aseme yale ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyasema, awachekeshe wafiwa, alipwe chake, aondoke. Twalibu, akiwa na plasta kwenye paji la uso, alichukua kigoda na kukiweka katikati ya turubai. Akaomba sinia. Alikaa, akalishika sinia kwa mikono miwili kama usukani, akaanza kukoroma.

"Huyu hapa dereva wenu!" alisema akiwa amefumba macho. "Babu zao walitembea miezi mitatu mpaka Bagamoyo, pembe ya ndovu begani, hawakugonga hata kichuguu. Leo wamepewa magurudumu manne na lami ya serikali, mtu anakwenda Kigwa hapo tu, anakutana na mti uliosimama tangu enzi za Mjerumani!"

Watu walianza kucheka kwa shida, kama watu wanaokohoa.

"Mimi nilikuwa naota pilau," aliendelea Twalibu. "Nyama ipo, kachumbari ipo. Naamshwa na nini? Na mninga! Nilipeni pilau langu, wapagazi nyie!"

Advera alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumamosi, na alipomaliza alilia kwa sauti, na wanawake wakasema afadhali.

Nyuma, chini ya turubai, alikaa kijana mwenye shati jeupe la kola, simu mkononi, akirekodi. Jina lake Godbless, mkaguzi wa wakala wa magari ya Kobari nchini. Alikuwa Tabora kwa kazi ya magari ya mradi mmoja, na ofisi yake Dar es Salaam ilipopigiwa simu na binamu wa marehemu kwamba gari la Sixbert, Kobari Mino, limeua mtu, ilimwambia apite aangalie. Alikuwa amepiga picha za gari kwenye uwanja wa polisi asubuhi ile. Alitoa pole kwa adabu, akatia elfu kumi kwenye kapu la rambirambi, akamuuliza mzee aliyekaa naye, "Yule bwana aliyekaa kwenye kigoda ni nani?"

"Huyo alikuwemo garini."

Godbless aliandika.

*

Barua ya wakala ilifika mwishoni mwa Julai, nakala kwa polisi. Advera aliisoma kwa sauti jikoni, Sixbert akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"'Ukaguzi wa nje haukuonyesha hitilafu ya kiwandani. Aidha, abiria aliyeketi kiti cha mbele ameonyesha, mbele ya mashahidi wengi, kwamba dereva alikuwa amelala. Video imehifadhiwa.'" Aliishusha barua. "Ameonyesha. Hawajaandika amesema."

"Ule ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani."

"Basi waandikie."

"Nitawaandikia nini? Kwamba kwetu mtu akifa tunamwita Mzaramo aje akorome?" Advera aliikunja barua. "Baba Julieth, sijakuuliza tangu tumzike. Ulilala?"

"Sikulala."

"Hata kidogo? Jicho tu?"

"Advera, gari lilikosa nguvu."

Hakusema lolote zaidi. Advera alikuwa ameishi naye miaka kumi na tatu, na alijua kwamba anapodanganya huongea sana. Hilo, hata hivyo, lisingemsaidia mbele ya polisi. Wiki iliyofuata mpelelezi alimwita Sixbert, akamwambia kwamba faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, na akachukua leseni yake. Katika kituo cha teksi pale stesheni, madereva wenzake walimwazima kiti lakini hawakumwazima gari. Mmoja alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Pumzika kwanza, kaka. Usingizi ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine."

Advera alikwenda Igalula kwa treni kumtafuta Twalibu. Alimkuta kando ya reli, nyundo begani.

"Karibu, mpagazi! Umekuja na mzigo gani?"

"Leo sijaja kwa utani, Twalibu."

Alipoitwa kwa jina alishusha nyundo. Advera alimpa barua. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudia mstari wa video.

"Mungu wangu. Wameuandika?"

"Wameuandika. Njoo useme polisi kwamba hakulala."

Twalibu alitazama reli. "Siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui. Nililala, dada. Tulipopita daraja tu nikalala. Nilikuwa natoka zamu ya usiku ya Tabora mjini. Nilichosikia ni mti." Alijifuta jasho. "Nilisema pale msibani, mbona? Nilisema naota pilau. Mlicheka wote."

Advera alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amecheka hapo hapo, kwenye pilau.

"Basi sema hilo," alisema. "Sema ulikuwa umelala. Asiyeona hana la kuonyesha. Na wao wenyewe wanayo hiyo sauti yako kwenye simu yao."

"Nitaonekana mpumbavu."

"Msibani ulilipwa kuonekana mpumbavu. Hapa utaonekana bure."

Twalibu alicheka licha ya yote. Jumatatu alikwenda Tabora, akaandikisha maelezo ya nusu ukurasa. Mpelelezi, baada ya kuyasoma, alimweleza Advera jambo ambalo hakupenda kulisikia.

"Hili linaiondoa video. Haliondoi saa saba usiku. Mumeo anasema gari lilikosa nguvu. Nani mwingine anasema?"

*

Jirani yao wa ukuta mmoja, Najiat, alikuwa muuguzi, na alikuwa na Kobari Mino ya bluu aliyoinunua kwa mkopo wa kazini. Siku moja ya Agosti alimpa Advera lifti mpaka mjini. Kwenye dashibodi, chini ya kipimo cha mwendo, palikuwa na kipande cha plasta ya wodini, nyeupe, kimebandikwa vizuri.

"Hiki ni nini?"

"Ah, hiyo taa ya injini. Ya njano. Ilikuwa inanikera macho."

"Inawaka kwa nini?"

"Sijui, Mama Julieth. Gari linatembea. Fundi Damas ataifuta nikipata nafasi. Si hata ya kwenu alikuwa anaifuta?"

Advera alimwomba asimame. Walikuwa mbele ya soko. Pikipiki zilipiga honi nyuma yao, na Najiat akasogea pembeni, akidhani mwenzake anataka kutapika.

Damas alikuwa na gereji Ipuli, kibanda cha bati na mininga miwili ya kivuli. Alikuwa rafiki wa Sixbert tangu shule ya msingi. Miaka miwili nyuma alinunua mashine ndogo ya kusomea hitilafu za magari, na sehemu kubwa ya wateja wake walikuja kwa jambo moja: taa ya njano imewaka, ifutwe. Alichomeka mashine, alisoma, alifuta, alichukua elfu tano. Taa isiporudi, mteja alifurahi. Ikirudi, alifuta tena.

"Ya Sixbert uliifuta mara ngapi?" aliuliza Advera, Najiat akiwa kando yake.

"Shemeji, hayo mambo ya zamani..."

"Mara ngapi, Damas?"

"Mara tatu."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Presha ya mafuta ndogo. Nilimwambia inaweza kuwa pampu. Pampu mpya laki nne na nusu, akasema tusubiri mavuno. Ndiyo maneno ya kila mtu hapa. Nikafuta." Alijikuna shingo. "Na ukifuta, inafutika kweli. Mashine haikumbuki, gari halikumbuki. Ndiyo maana sikusema kitu. Nitaonyesha nini?"

"Mteja anajuaje kwamba umepima kweli, hujamdanganya?"

"Napiga picha kioo cha mashine, namtumia."

"Sixbert ana kiswaswadu cha vitufe. Hakipokei picha."

Damas aliitazama simu mkononi mwa Advera. Kisha akasema taratibu, "Nilikuwa natuma kwako."

Picha zilikuwa chini kabisa, baada ya kadi za harusi, sala za jumuiya na picha za Julieth akipokea Komunyo ya kwanza. Advera aliwahi kuziona; alidhani Damas amekosea namba. Zilikuwa tatu. Ya kwanza, ya Januari, ilitikisika na ilisomeka tarehe tu. Ya Machi na ya Mei zilisomeka zote: namba ya hitilafu, presha ndogo ya mafuta, saa na dakika. Ya Mei ilipigwa siku kumi na saba kabla ya ajali.

Kwa simu hiyo hiyo Damas alifungua ukurasa wa kiwanda cha Kobari na kuandika namba ya chesisi, iliyokuwa kwenye nakala ya kadi ya gari. Jibu lilikuja kwa Kiingereza na Najiat akalitafsiri wakiwa wameinama watatu juu ya kioo kilichopasuka. Gari hili lina kazi moja ambayo haijafanyika. Pampu ya mafuta. Gurudumu dogo la plastiki ndani ya pampu linaweza kufyonza mafuta, kuvimba na kukwama. Gari linaweza kupoteza nguvu ghafla likiwa mwendoni. Mwenye gari anaombwa alirudishe kwa wakala. Tarehe ya tangazo: Oktoba 2021.

Gari hilo lilishushwa bandari ya Dar es Salaam Februari 2022.

*

Mbele ya mpelelezi, kwenye uwanja wa polisi, Damas alinyanyua kiti cha nyuma. Kilikuwa bado na doa jeusi, na Sixbert akageuka upande wa ukuta. Damas alitoa pampu, akaifungua juu ya gunia, akagusa gurudumu la ndani kwa ncha ya bisibisi. Halikuzunguka. Alisukuma zaidi. Lilikwaruza, likaenda robo mzunguko, likakwama.

"Lililo zima linazungukaje?" aliuliza mpelelezi.

Damas alitoa jingine mfukoni, la gari lingine, akalipuliza kwa mdomo. Lilizunguka.

Mpelelezi alilipuliza lile la kwanza yeye mwenyewe, mara mbili. Akalitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika maelezo, akaomba zile picha tatu zitumwe kwake.

Jioni hiyo Advera aliwaeleza wote nyumbani, pamoja na mama yake aliyekuwa amekuja kliniki ya macho. Alianza na pampu, akamaliza na picha. Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakulala," alisema.

"Hakulala, mama."

"Na hao wenye kiwanda walijua."

"Walijua. Miaka mitatu kasoro."

Apolinaria alimgeukia mkwewe kwa mara ya kwanza tangu Juni. "Na wewe, baba? Taa iliwaka mara tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaifuta mara tatu."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inakwambia, ukaizima."

"Sikujua ilikuwa inasema jambo kubwa kiasi hicho. Niliona ni kama... gari linatembea, mama. Kila mtu anafuta."

Hakuna aliyemsaidia. Julieth alileta maji ya kunawa na akaanza na bibi yake, kisha baba yake. Kabla ya kula, Sixbert alisema, kwa kuwa alikuwa hajasema siku hiyo, "Shikamoo, mama."

Apolinaria alikata tonge la ugali. "Marahaba," alisema, na hakuongeza "baba".

*

Faili lilirudi kutoka kwa mwendesha mashtaka mwezi Novemba likiwa limeandikwa kwamba ushahidi hautoshi kufungua kesi. Halikusema nani alaumiwe. Sixbert alirudishiwa leseni, akaanza kuendesha gari la mtu mwingine. Kila abiria wa stesheni aliyemfahamu alimuuliza swali la mzaha kuhusu usingizi, naye alijibu wote kwa jibu moja: "Panda nyuma ukague kama nalala."

Barua ya pili ya Kobari, kujibu madai ya familia, ilifika Januari. Safari hii haikusainiwa na Godbless. Ilisainiwa na ofisi ya sheria. Ilisema kampuni inatoa pole kwa familia. Ilisema tangazo la kurudisha gari lilitumwa kwa barua kwa mmiliki wa kwanza, huko Nagoya, Japani, na anwani za wamiliki waliofuata katika nchi nyingine hazimo kwenye kumbukumbu za kampuni. Ilisema, kwa mujibu wa picha zilizowasilishwa na familia yenyewe, mmiliki aliendelea kulitumia gari baada ya kuonywa na taa mara tatu. Kwa hiyo kampuni haikubali dhima. Pamoja na hayo, kwa kuwa gari hilo limo kwenye orodha, mmiliki ana haki ya pampu mpya bila malipo, na itatumwa.

Advera alijibu kwa ukurasa mmoja. Hakuandika kuhusu ndugu yake. Aliuliza maswali mawili: Kobari Mino ngapi za orodha hiyo ziko Tanzania, na nani amewaambia wenye nazo. Barua hiyo haikujibiwa.

Pampu ilifika Jumanne ya tarehe 11 Februari 2025, kwa basi la Dar es Salaam. Advera aliipokea kwenye ofisi ya vifurushi stendi. Karani alisoma karatasi iliyobandikwa juu.

"Namba ya chesisi hii ndiyo ya gari lako?"

"Ndiyo."

"Gari liko wapi?"

"Liliuzwa kwa kilo."

Karani alimtazama, akatazama boksi. "Sasa hii ya nini?"

"Nisaini wapi?"

Alisaini. Boksi halikuzidi uzito wa kilo moja ya mchele. Alilibeba mkononi mpaka Ipuli, hakupanda pikipiki, akapita nyumbani kwake bila kuingia, akagonga kwa Najiat.

"Leta ufunguo," alisema.

"Wa nini?"

"Wa gari. Twende kwa Damas."

"Mama Julieth, hiyo ni yenu. Yangu nitanunua mkopo ukiisha."

"Sisi hatuna gari."

Damas alifanya kazi hiyo kwa saa moja na nusu na hakutaka malipo. Aliifunga pampu ya zamani kwenye gazeti, akaandika tarehe juu yake, akaiweka rafuni. Tangu Agosti rafu hiyo ilikuwa imepata pampu nyingine nne za Kobari Mino. Najiat alikaa kwenye usukani, akabandua plasta. Taa ya njano ilikuwa inawaka.

"Haya, ifute," alisema.

Damas alimtazama Advera. "Siifuti," alisema. "Endesha hivyo hivyo. Kama dawa imefika mahali pake, itazimika yenyewe."

"Isipozimika?"

"Rudi hapa. Usibandike kitu."

Najiat aliendesha gari Jumatano na Alhamisi taa ikiwa inawaka, akilalamika kwa kila aliyempakia. Ijumaa ya tarehe 14, akiwa kwenye maegesho ya hospitali, alipiga picha dashibodi injini ikiwa inawaka na kuituma bila maneno. Ilifika kwenye simu ya Advera saa moja na dakika nne asubuhi. Kipimo cha mwendo kilikuwa sifuri. Chini yake palibaki alama ya gundi ya plasta, na taa haikuwepo. Hakuna aliyeifuta.